Rimoti nne za baba mdogo

Wale mnaouliza nilipotelea wapi likizo nzima, nilikuwa Katoro. Siyo nyumbani Shinyanga, Ndembezi, ambako mama alinisubiri mpaka akachoka kunipigia, ila Katoro, Geita, kwa baba mdogo. Na kilichoniweka kule wiki tatu ni tivii. Najua mtacheka. Mtu anasomea ualimu wa fizikia na hisabati hapa Chang'ombe, halafu likizo anageuka fundi wa rimoti. Chekeni kwanza, halafu msome.

Baba mdogo ni mdogo wake baba, tumbo moja. Alianza kuchimba angali kijana, kwanza Nyarugusu, baadaye Rwamgasa, na mwisho akaachana na maduara akahamia kwenye makarasha, anasaga mawe ya watu na kuosha marudio mwaloni. Ada yangu ya sekondari, kidato cha kwanza mpaka cha sita, ilitoka huko. Baba yangu mzazi anajua, mimi najua, na baba mdogo mwenyewe hajawahi kuitaja hata siku moja.

Sasa ule uoshaji, kwa mliokulia mbali na migodi, uko hivi. Mchanga ukishaoshwa ukabaki ule mzito mweusi, unautilia zebaki na kuusugua kwa mikono mitupu. Zebaki inaikamata dhahabu na kuuacha mchanga. Unaminya kwenye kitambaa, linabaki donge dogo jeupe kama jino. Hilo donge unalichoma. Zebaki inaondoka kama mvuke, dhahabu inabaki. Baba mdogo alichoma hivyo miaka kumi na zaidi, kwenye kipande cha bati nyuma ya nyumba, ameinama juu yake ili upepo usimharibie moto. Mvuke wa zebaki hauna harufu, yaani hakuna kitu kinachokwambia kimbia. Unaingia kwenye mapafu, unapita kwenye damu, unafika kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Dalili yake mojawapo inayojulikana dunia nzima ni mikono kutetemeka. Miaka ya 2000 shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, lilikuwa na mradi wa zebaki katika nchi kadhaa, na Rwamgasa ilikuwa mojawapo ya sehemu walizokuja kupima. Mwaka 2013 nchi zikasaini Mkataba wa Minamata, ulioitwa jina la mji wa Japani ambako watu waliumia kwa zebaki ya kiwandani, na Tanzania ilikuwa kati ya waliosaini mwaka huo huo. Zebaki bado inatumika kwa wachimbaji wadogo. Sitaki kuhubiri hapa. Nataka mjue tu ile mikono ilitoka wapi.

Kwa sababu ile mikono haitulii. Chai anawekewa nusu kikombe. Simu anapokea, kupiga mpaka apate mtoto wa kumbonyezea. Anatembea na fimbo mpaka mlangoni, anarudi. Mama mdogo anatoka saa 12 asubuhi kwenda sokoni na dagaa zake, watoto wanaenda shule, na kuanzia hapo mpaka saa 9 alasiri baba mdogo yuko na tivii. Mama mdogo anaiwasha kabla hajatoka, anamwekea habari, anaondoka. Ikiwaka vizuri siku inakwenda. Mnajua umeme wetu lakini. Unakatika, unarudi, na ukirudi kila kitu kinarudi kimelala.

Siku yangu ya pili kule nilirudi kutoka dukani kama saa 6 mchana. Nikamkuta amekaa pale pale kwenye kochi, anatazama kioo cheusi. Rimoti nne zimepangwa kwenye stuli mbele yake kwa mstari, kama vitu vya mnadani.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mayu."

"Mbona giza?"

"Imelala tangu saa 3."

Akasema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa. Saa tatu nzima. Mtoto wa jirani alikuwa hapo nje anacheza, angeweza kumwita. Hakumwita. Baadaye mama mdogo akaniambia hamwiti mtu, tangu siku mtoto mmoja aliposema mbele ya wenzake kwamba babu hajui kuwasha tivii. Mtu aliyekuwa anasikiliza mlio wa karasha na kukuambia jiwe hili lina kitu au halina!

Basi nikazichukua zile rimoti nikaanza kuzisoma kama mtihani.

Ya kwanza ya tivii. Ya pili ya king'amuzi. Ya tatu ya sabufa, ile nyembamba kama kadi ya benki yenye vitufe vya utando. Ya nne ya deki, na deki yenyewe ilikufa zamani, sijui rimoti yake ilikuwa inasubiri nini. Mkikumbuka, huu mzigo wa rimoti tumeubebeshwa polepole. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini sisi bara tulianza kurusha matangazo yetu mwaka 1994. Enzi za chogo na antena ya juu ya mti, rimoti ilikuwa moja, na wengi waliipoteza wakawa wanabonyeza kwa kijiti. Halafu tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa, Dar es Salaam ikatangulia, na kila nyumba ikawa na king'amuzi chenye rimoti yake. Sabufa ikaja na ya kwake. Kijana anaona kawaida. Mzee mwenye mikono ya baba mdogo, kila rimoti inayoongezeka ni mlango mwingine umefungwa.

Na kufungwa kwenyewe kuko kwa aina mbili, hili ndilo lililonichukua siku kulielewa. La kwanza ni kulenga. Rimoti za kawaida zinatumia mwanga wa infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni, uko nje kidogo ya nyekundu. William Herschel aliugundua mwaka 1800 kwa kupasua mwanga wa jua na kuweka kipimajoto nje ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana kitu, akakuta pana joto zaidi. Ukibonyeza rimoti, kitaa cha mbele kinawaka na kuzimika kama mara 38,000 kwa sekunde, na ndani ya kuwaka huko kuna mpangilio wa vipindi virefu na vifupi ambao ndio ujumbe. Ni mwanga, kwa hiyo unataka kuelekezwa. Ukielekea ukutani unaweza kudunda ukafika, unaweza usifike. Kochi la baba mdogo liko pembeni na mkono wake unachora duara hewani. Hesabu mwenyewe.

La pili ni kubonyeza. Mpangilio mmoja unaotumika sana, unaoitwa NEC, ujumbe wake mzima unachukua kama milisekunde 67 na nusu. Unaanza na mwanga wa milisekunde 9, kimya cha milisekunde 4 na nusu, halafu anwani ya kifaa, halafu kinyume cha anwani, halafu amri, halafu kinyume cha amri. Mimi hapo nilifurahi kama mwalimu: kinasema jambo halafu kinalisema kinyume, ili anayepokea ahakiki kama amesikia sawa. Sasa kitufe cha kuwasha ndicho hicho hicho cha kuzima. Kidole kinachotetemeka kinabonyeza, kinaachia, kinabonyeza tena, vyote kabla hujapepesa jicho. Tivii inapokea amri mbili halali kabisa: washa, zima. Baba mdogo alikuwa anaiwasha kila siku jamani. Ilikuwa inamtii mara mbili.

Watu wa pale mtaani walikuwa na ushauri wao. Mmoja akasema ni mawe yamekwisha, mwingine akasema yang'atwe kidogo kwa meno yatapata nguvu. Fundi mmoja, jina namwachia mwenyewe, alishamuuzia rimoti ya "tivii zote" ambayo iliwasha tivii na kuigeuza lugha ikawa Kichina, akala hela yake.

Tivii yenyewe ni nzuri kuliko nyumba, tuseme ukweli. Ni ya binamu yangu wa Kahama aliyekuwa kibarua kwa mkandarasi wa mgodi wa Buzwagi. Mgodi ulipofungwa mwaka 2021 akahamia kwingine, akamwachia baba mdogo. Ni smati, na rimoti yake inaongea na tivii kwa Bluetooth. Bluetooth ni redio, haihitaji kulengwa, unaweza kubonyeza umeifunika kwa blanketi ikasikia. Nilipoigeuza tivii kufuta vumbi (vumbi la Katoro mnalijua, jekundu, linaingia hata kwenye chumvi) nikaona nyuma kuna tundu dogo kama la hedifoni limeandikwa IR BLASTER. Hapo ndipo likizo yangu ilipoisha.

Maana yake ni hii. Tivii inaweza kuwa mkalimani. Wewe unaiambia kwa Bluetooth, kutoka upande wowote, mkono ukitetemeka usitetemeke, na yenyewe inageuza kuwa infraredi na kuitoa kwa waya mpaka kwenye jicho la king'amuzi. Waya una kitaa kidogo mwishoni, unakibandika hapo hapo juu ya jicho, hakuna kulenga tena. Kuna watakaosema mbona HDMI ina njia yake. Ni kweli, ndani ya waya wa HDMI kuna uzi mmoja wa vifaa kuamrishana, pini ya 13, na kampuni nyingi zinaupa majina yao ya kujitamba. Ila lazima vifaa vyote viwili vikubali. King'amuzi chetu kilikaa kimya kama kimekula yamini.

Tatizo waya wa infraredi haukuwepo, tivii ya kupewa haiji na kila kitu. Niliulizia Katoro nzima, nikatuma mtu Geita mjini, nikampigia binamu aulizie Kahama. Wengi waliniletea waya wa hedifoni, na kwa kweli walikuwa karibu na jibu kuliko walivyojua. Yule rimoti wa deki aliyekuwa hana kazi, ndani yake kuna kitaa cha infraredi kizima kabisa. Nikampata kijana mmoja anayetengeneza simu karibu na stendi, ana mkono mwepesi na dharau kidogo. Kwanza aliniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia nimejituma. Tukakata waya wa hedifoni mbovu, tukachomelea kile kitaa, akaongeza rezista ndogo ili kisiungue, tukafunika na solotepu. LED ina upande, umeme unapita njia moja tu, kwa hiyo tukajaribu upande wa kwanza, giza, upande wa pili, kikawaka.

Tulijuaje kimewaka na mwanga hauonekani? Kamera ya simu. Hili kila mmoja wenu ajaribu leo leo na rimoti yake: ielekeze kwenye kamera, bonyeza, utaona kitaa kinang'aa zambarau. Kamera ya mbele, au ya simu ya bei rahisi, ndiyo inaona vizuri, kwa sababu kamera nzuri zinawekewa kichujio cha kuzuia infraredi. Kwa mara ya kwanza simu yangu ikawa na faida ya ubovu. Na ukijua hili hutamng'atisha mtu mawe tena, unaona hapo hapo kama rimoti inatoa mwanga au haitoi. Yule kijana wa stendi alitulia kidogo, halafu akasema, "Dada, hiyo nitawachaji watu." Nikamwambia achaji tu.

Kutafuta jicho la king'amuzi nako kuna namna. Liko nyuma ya plastiki nyeusi, halionekani. Nikawasha tochi ya simu kwa karibu, pembeni ya namba za saa, nikaliona duara dogo. Nikabandika kitaa hapo na plasta ya kidonda. Mchana huo nikapata jibu la kitu kingine ambacho mama mdogo alikuwa analalamikia, kwamba king'amuzi "kinakasirika" kila jioni. Mlango wao unatazama magharibi. Kuanzia saa 10 jua linaingia mpaka kwenye kabati la tivii, na jua limejaa infraredi. Kipokeo kimetegwa kisikilize mwanga unaopepesa tu, mwanga uliotulia kinaupuuza, lakini jua kali likikimulika usoni kinazidiwa, hakisikii mtu. Hili si geni. Rimoti ya kwanza isiyo na waya ya kampuni ya Zenith kule Marekani, mwaka 1955, kazi ya Eugene Polley, ilitumia mwanga wa kawaida, na jua likaipa shida hiyo hiyo. Mwaka uliofuata Robert Adler akaleta ya sauti, vinyundo vinagonga vipande vya metali, sauti ya juu ambayo sikio halisikii. Infraredi ikaja kutawala baadaye. Kitaa chetu kimekaa sentimita moja kutoka kwenye jicho, na plasta inaziba jua. Kukasirika kukaisha.

Sasa ikabaki tivii ijue lugha ya king'amuzi. Hapa ndipo siku zilipoliwa. Unaingia kwenye mipangilio, inakuuliza una kifaa gani, uko nchi gani. Tanzania haipo. Nikachagua nchi nyingine kama mtu anayeghushi pasipoti. Inakuletea orodha ya kampuni, majina mia na kitu, kampuni yetu haipo. Basi nikachukua daftari la mazoezi la mtoto, nikaandika majina yote, nikaanza moja moja. Inatuma amri ya kuzima, inauliza: je, kifaa kimezima? Hakijazima. Jina jingine. Hakijazima. Baba mdogo amekaa kochini anatazama, kila ninapokata jina anasema "bado mgodi haujatema." Watoto wakawa wanabeti pipi. Umeme ukakatika mara mbili, tukasubiri, tukaendelea kesho yake.

Jina la arobaini na kitu, king'amuzi kikazima. Kelele zilizopigwa, jirani alidhani Simba wamefunga. Lakini nikijaribu chaneli, inapanda, haishuki. Sauti hamna. Nikaendelea. Jina la sitini hivi, la kampuni ambayo sijawahi kuisikia maishani, kila kitu kikaitika: juu, chini, namba, OK, kurudi. Haina muujiza. Ving'amuzi vingi vya bei yetu vinatoka kwenye viwanda vinavyofanana, na jina la mbele ni stika tu. Ukikosa jina lako kwenye orodha usikate tamaa, ndugu yako yumo kwa jina lingine. Ni kama sisi Wasukuma kwenye fomu za bodi ya mikopo, ukoo mmoja majina sita.

Nilichoamua hapo hapo, king'amuzi kisizimwe kamwe. Kitufe kimoja cha washa-zima kikigusa vifaa viwili, siku moja kitawasha huyu na kuzima yule, na baba mdogo atabaki na kioo cha buluu mpaka jioni. Kwenye mipangilio nikaondoa king'amuzi kwenye kitufe cha kuwasha. Kinakaa macho usiku na mchana, na umeme ukirudi chenyewe kinaamka kwenye chaneli ya mwisho. Mama mdogo akauliza kuhusu luku. Nikamwambia kinakula kidogo, na kweli ni kidogo, ila sikumwambia ni bure.

Sabufa ilinishinda, niseme wazi. Haimo kwenye orodha yoyote, na umeme ukikatika inasahau kila kitu, inarudi kwenye Bluetooth na yule mwanamke wa ndani yake anatangaza kwa sauti kuu kwamba iko tayari. Tayari kwa nini sasa. Nikashauri tuiondoe. Baba mdogo akakataa kabisa, akasema spika za tivii zinaongea kama mtu aliyefunikwa gunia. Basi nikaichomeka kwenye tundu la hedifoni la tivii, nikaacha sauti ya sabufa katikati, nikachagua kwenye tivii kwamba sauti inayotoka iongozwe na rimoti ya tivii na spika zake ziendelee kusema. Kwa hiyo siku sabufa ikisahau, anasikia kwa tivii, kwa gunia. Mtoto akirudi shule anabonyeza AUX, gunia linatoka.

Ikabaki kile kidole. Unaweza kumaliza mambo yote ya nyaya na bado kidole kikabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Nilikuwa nimeshawaza kufungua rimoti na kuziba kwa solotepu vile vitufe visivyohitajika, ndani pale raba yenye kaboni inapogusa bodi. Watoto wakaja juu, wanataka kitufe cha YouTube. Kura zao zikashinda. Tukatafuta njia ya kuvaa na kuvua. Tulichukua dumu la mafuta ya kula, nikakata kipande cha plastiki kinene, saizi ya rimoti, nikatoboa matundu sita kwa msumari wa moto na kuyapanua kwa kisu: kuwasha, sauti juu na chini, chaneli juu na chini, na kurudi. Kati ya plastiki na vitufe nikaacha nafasi kwa kuweka vipande vya kandambili. Sasa mkono mzima unaweza kulala juu ya rimoti, utetemeke unavyotaka, haubonyezi kitu. Kidole kinatafuta tundu, kikiingia kimeshikwa pande zote, kinabonyeza kimoja. Tukaifunga yote kwenye ubao kwa mpira wa baiskeli, ubao unakaa mapajani. Watoto wakitaka YouTube wanachomoa.

Kule kuwasha na kuzima kwa pamoja hakukuisha kabisa, ila kulipungua sana, kwa sababu kidole kikiwa ndani ya tundu hakitoki haraka. Siku ya kwanza alijaribu mara saba. Mimi na mama mdogo tulikuwa jikoni tunajifanya tunachambua mchele. Tunasikia tivii inawaka, inazima. Inawaka, inazima. Mama mdogo akataka kwenda, nikamshika kanga. Mara ya saba ikawaka ikabaki. Kimya. Halafu sauti ikapanda, ikapanda, ikapanda mpaka vyombo kabatini vikaanza kulia, halafu ikashuka. Halafu chaneli zikaanza kupita moja moja, zote, habari, ngoma, mahubiri, tamthilia ya Kituruki, mpira wa marudio, zote mpaka mwisho na kuanza tena. Nusu saa nzima alikuwa anapitisha chaneli tu, hakutazama hata moja. Mama mdogo alikuwa anachambua mchele uleule kwa mara ya tatu.

Jioni wenzake wawili wa zamani wa mwaloni walikuja, wakakaa. Mmoja naye mikono yake niliiangalia alipokuwa anapokea chai. Akaishika ile rimoti na ubao wake, akaigeuza geuza, akauliza plastiki ile nimekata na nini. Nikamwambia dumu. Akasema nyumbani kwake yako mengi. Kesho yake akatuma mjukuu na rimoti mbili na dumu zima, halijaoshwa. Ya kwake ni ya kawaida, ya infraredi, na tivii yake haina tundu la waya, kwa hiyo nilimtobolea plastiki tu na kumhamishia kochi likatazama tivii uso kwa uso.

Wale mnaotaka kujaribu na hamna tivii ya aina hiyo, angalieni simu zenu kwanza. Redmi nyingi zina kitaa cha infraredi ukingoni kwa juu, na programu yake ya rimoti ina orodha ndefu. Ila tafadhali, nyie wa hosteli, ninawajua mnaozima tivii za kibanda umiza penalti ikipigwa. Kuna siku mtapigwa nyie badala ya penalti.

Nimerudi Chang'ombe Jumapili, kwa basi, mgongo hauna hali. Juzi simu ikaita saa 4 asubuhi, namba ya baba mdogo. Nikashtuka, yeye si mtu wa kupiga. Kumbe alimwita mtoto wa jirani ambonyezee. Nyuma yake nasikia tivii.

"Mayu."

"Shikamoo baba mdogo. Kuna nini?"

"Marahaba. Inawaka vizuri. Inasema kifurushi kimeisha."

Nikamwambia rimoti haina kitufe cha hicho. Akasema anajua, ndiyo maana amenipigia. Nimemtumia cha wiki, mpaka boom litoke.